Di, aa, e: namba ya gari iliyorudiwa sawasawa ikaandikwa kimakosa

Usuli

Kampuni inayohusika husafirisha mizigo ya transiti kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kwa barabara ya TANZAM, kupitia mpaka wa Tunduma. Jina lake, tarehe na tarakimu za namba za magari nimeziondoa, na mambo machache ya wahusika nimeyageuza ili wasitambulike. Herufi tatu za mwisho za namba ya gari nimeziacha kama zilivyo, maana bila hizo hakuna kisa cha kusimulia.

Mimi niliitwa baada ya maji kumwagika. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye tagi, boti ya kuvuta meli bandarini, na kwenye tagi mtu huzoea redio ya VHF kama mpishi anavyozoea mwiko: chaneli 16 iko wazi usiku na mchana, na namba ya wito ya meli haitajwi ovyo ovyo. Meneja wa kampuni alitaka niendeshe "semina ya mawasiliano" ya siku moja. Nikamwambia semina ingoje, kwanza nisikilize simu yenyewe. Bahati nzuri laini ya ofisi yao hurekodiwa.

Zamani magari yao yalikuwa na redio kol. Mtandao wa simu uliposambaa redio zikang'olewa, na kila redio iliyong'olewa iliondoka na kikadi cha Alfa, Bravo, Charlie, yale maneno yanayotajwa badala ya A, B, C, kilichokuwa kimebandikwa pembeni yake. Hakuna aliyeona kuna kitu kimepotea. Simu inasikika vizuri kuliko redio, sasa kadi ya nini?

Wahusika wakuu ni wawili. Msimamizi wa safari ni mtu wa barabarani, aliyesoma chuo cha ufundi, na herufi anazitaja kwa Kiingereza tangu ujana. Karani wa nyaraka ni mama mmoja makini sana ambaye kabla ya kuja ofisini alifundisha darasa la kwanza. Ukisimama miaka kadhaa mbele ya watoto ukiimbisha a, e, i, o, u, irabu hizo hazikutoki tena mdomoni wala masikioni.

Jambo la mwisho la usuli: magari yote ya kampuni yamo kwenye mfumo wao wa kompyuta, kwa hiyo karani huchagua namba kwenye orodha, haiandiki. Gari la kukodi halimo kwenye orodha hiyo. Namba yake huandikwa kwa mkono, kutoka sikioni hadi kwenye daftari.

Mtiririko wa tukio

Alhamisi alasiri, gari lililobeba kontena la futi 40 liliharibika giaboksi kwenye mpando kati ya Mikumi na Iringa. Tela na kontena vilikuwa salama, tatizo lilikuwa kichwa peke yake. Kampuni haikuwa na kichwa cha akiba karibu, ikaamua kukodi cha mtu mwingine. Mzigo ulikuwa chini ya dhamana ya forodha, kwa hiyo kichwa kipya kilitakiwa kiombewe mabadiliko kwenye hati za transiti kabla ya safari kuendelea.

Ijumaa saa kumi na nusu jioni Msimamizi akapiga simu ofisini. Alikuwa amesimama kando ya barabara, malori yakipita yakinguruma kwa gia ndogo, na simu aliyoshika ilikuwa kitochi cha utingo, kwa sababu yake ilikuwa imezima chaji tangu asubuhi. Huku Dar wakala wa forodha alikuwa anasubiri namba hiyo awahi kuwasilisha maombi kabla ya mwisho wa siku. Simu ilidumu kama dakika nne. Nitairudia hapa chini, maana ndiyo kiini.

Jumamosi asubuhi kibali kikatoka. Nakala ilipigwa picha ikatumwa kwa dereva mpya kwa WhatsApp, akaipokea, akaangalia jina la mwenye mzigo na namba ya kontena, akaondoka. Namba ya gari hakuiangalia. Nilipomuuliza baadaye alicheka: "Mzee, nani anasoma namba ya gari lake mwenyewe?"

Kwenye mizani ya njiani gari lilipita bila neno. Mzani kazi yake ni uzito.

Jumapili usiku gari likaingia foleni Tunduma. Jumatatu asubuhi ofisa akalinganisha hati na gari lililokuwa mbele yake. Hati zilisema gari ni T (tarakimu tatu) DAE. Kibao cha gari kilisema DRA, tarakimu zile zile. Kwa ofisa hilo si kosa la mwandiko; ni gari lisilojulikana linalovuta mzigo ulio chini ya dhamana. Akalisogeza pembeni, na alikuwa na haki.

Ikabidi kampuni iandike barua ya maelezo, wakala afungue maombi mapya ya mabadiliko, na lakiri ya kontena ikaguliwe upya. Jumatano mchana gari likavuka. Mwenye kichwa cha kukodi alidai malipo ya kusubiri, mwenye mzigo upande wa pili alikuwa ameshapiga simu mara zisizohesabika, na ofisini Msimamizi na Karani walikuwa hawasemezani.

Simu ya dakika nne

Karani alikuwa na daftari: DAE, mwandiko safi, saa imeandikwa pembeni. Msimamizi alikuwa na kumbukumbu: nilitamka DRA, nikarudishiwa DRA, nikasema ndiyo. Meneja alishaamua mmoja wao ni mwongo, na kwa kuwa daftari lilikuwa mkononi mwa Karani, gharama zilikuwa zinaelekea kukatwa kwenye mshahara wake.

Nilisikiliza rekodi. Sehemu yenyewe ni hii:

"Dada, andika kichwa sasa. Ti…" akataja tarakimu, "…halafu mwishoni di, aa, e."

"Di, a, e?"

"Ndiyo, di, aa, e. Umepata?"

"Nimepata, kaka."

Sema kwa sauti, msomaji. Mtu anayetaja herufi kwa Kiingereza cha kwetu huiita R "aa", maana r ya mwisho hatuitamki. A huiita "ei", lakini mdomoni mwa wengi wetu hiyo "ei" haipandi, inabaki "e" iliyovutwa kidogo. Basi DRA ikatoka "di, aa, e". Kwa sikio la mwalimu wa darasa la kwanza, "aa" ni A na "e" ni E. Akaandika DAE. Kisha akafanya kile ambacho kila mwongozo wa mawasiliano unahimiza: akarudia alichoandika. Akasema "di, a, e", kwa irabu za Kiswahili. Sikio la Msimamizi likapokea "aa" likasoma R, likapokea "e" likasoma A, likaridhika.

Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kusikiliza, niliandika DAE.

Tukio hili si la kelele. Sauti ilifika yote, safi kabisa. Ilitoka mara tatu, ikasikika mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sauti moja. Kilichotofautiana ni herufi ambayo kila mmoja aliiambatanisha na sauti hiyo.

Kuna jambo jingine kwenye rekodi ambalo mwanzoni nililipita. Zaidi ya nusu ya simu ilikwenda kwenye namba ya lakiri, na pale walipambana kweli kweli. Namba ilikuwa na sita na tisa zimepishana. "Sita au tisa?" "Tisa." "Sita?" "Ti-sa, dada, tisa!" Mwishowe Msimamizi akapiga kelele "naini, naini!" na ikaeleweka. Sita na tisa zina konsonanti zilizobadilishana nafasi tu. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya herzi 300 na 3,400 hivi, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo, inakatwa. Kinachobaki ni i na a. Wote wawili wanalijua tatizo hilo kwa uzoefu, ndiyo maana walilipigania. Walipomaliza tarakimu walikuwa wamechoka na wameridhika, na herufi tatu za mwisho zikapita kama mgeni anayefuata nyuma ya bwana harusi. Shaka yao yote waliimalizia kwenye namba ya lakiri.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumwondolea Karani lawama. Sikutumia maneno. Nilipiga rekodi mbele ya wafanyakazi waliokuwepo ofisini siku hiyo, bila kuwaeleza kisa, nikamwomba kila mmoja aandike anachosikia. Kalamu zikatoa majibu matatu tofauti: DRA, DAE na DAA. Meneja aliyaangalia makaratasi yale muda mrefu, kisha akaomba rekodi irudiwe. Mazungumzo ya mshahara yakaishia hapo.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi: tutumie maneno gani badala ya herufi. Madereva walikuwa na jibu tayari. Kila Mtanzania akibanwa kwenye simu husema "B ya baba, M ya mama", na wao walitaka orodha yetu wenyewe ya Kiswahili. Nikiri kwamba nilivutiwa. Tukaiandika pale pale yadi: A ya Asha, B ya baba, D ya dada, K ya kaka, M ya mama, P ya paka. Kisha tukaijaribu. Dereva mmoja akasimama karibu na gari lililowashwa injini, mwingine akaenda mwisho wa yadi, simu kwa simu.

Ilianguka ndani ya robo saa. Baba, dada, kaka, mama: maneno ya kwanza kumjia kila mtu ni maneno ya nyumbani, na maneno ya nyumbani yote yana a mbili na silabi mbili. Ondoa konsonanti, kama simu mbovu inavyofanya, unabaki na "a-a, a-a, a-a". Paka akawa kaka, kaka akawa dada. Tungeweza kutafuta maneno mengine, na tulijaribu miji: Dodoma, Kigoma, Morogoro. Hiyo ilikuwa afadhali sana, mpaka tukafika L na R. Dereva mmoja, ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti hizo, alitamka Lindi na Rufiji kwa namna ambayo wenzake walicheka na yeye mwenyewe akacheka. Halafu tukafika Q na X. Kiswahili hakina neno linaloanza na Q wala X, na vibao vya magari na namba za makontena zina herufi hizo tele.

Na hata kama tungemaliza orodha, upande wa pili wa mpaka, Nakonde, wakala haijui Rufiji yetu.

Kwa hiyo tukarudi kwenye alfabeti ile iliyokuwa kwenye kikadi cha redio. Watu hudhani maneno yake yaliokotwa tu. Hapana. Toleo la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilianza kutumika 1951, watumiaji wakalalamika, likafanyiwa marekebisho na kupimwa kwa wasemaji wa mataifa 31, na hili tulilonalo likaanza rasmi tarehe 1 Machi 1956. Maneno matano yalitolewa: Coca ikawa Charlie, Metro ikawa Mike, Nectar ikawa November, Union ikawa Uniform, Extra ikawa X-ray. Hata tahajia ilifikiriwa. Alfa imeandikwa kwa f kwa sababu si kila msomaji anajua kwamba "ph" ni f, na Juliett ina t mbili ili Mfaransa asiimeze t ya mwisho.

Ile L na R iliyotushinda yadini, hawa walishaitatua. Lima na Romeo zimetengana kwa irabu zote. Dereva wetu akisema "Rima" na "Lomeo", bado kila mtu anaandika herufi sahihi.

Niliogopa madereva wataiona ni mambo ya wazungu. Kilichoiuza ni kitu ambacho sikukipanga. Nilipokuwa naisoma, utingo mmoja nyuma akasema: "Kumbe papa! Na tango!" Kweli. Ndani ya orodha hiyo kuna samaki mkubwa, kuna kachumbari, kuna jembe na kuna mzani: Papa, Tango, Lima, Kilo. Maneno hayo manne yalishikwa siku hiyo hiyo. Mengine yakafuata kwa matamshi yao: Vikta, Maiki, Siera, Gofu. Sikumsahihisha mtu lafudhi. Tulichohitaji ni neno lisilofanana na jingine, na "Gofu" halifanani na lolote.

Uamuzi wa tatu ulihusu tarakimu, na huu ndio ninaojivunia. Kwenye redio za kimataifa 9 hutamkwa "naina", kuitenganisha na 5. Sisi tatizo letu si tisa na tano, ni tisa na sita. Sita, saba na tisa zote zilitujia kutoka Kiarabu, na kabla ya tisa tulikuwa na neno letu: kenda. Wazee bado wanalo, na aliyewahi kusikia mahubiri ya kondoo mmoja aliyepotea anawakumbuka wale wengine tisini na kenda. Tukakubaliana: kwenye simu za kazi, 9 ni kenda. Vijana walicheka kwa wiki moja. Wiki ya pili nilisikia mmoja akimkaripia mwenzake, "Sema kenda bwana, unanichanganya."

Uamuzi wa nne ulikuwa kanuni ya kurudia. Anayepokea harudishi herufi, anarudisha maneno: akipewa "Delta, Romeo, Alfa", anasema "Delta, Romeo, Alfa", siyo "di, aa, e" wala "sawa". Na aliyetuma ananyamaza mpaka mwisho ndipo anasema "ni sahihi". Ndiyo yake haikubaliki ikitoka katikati.

Wa tano ni mdogo: baada ya simu, namba ya gari la kukodi itumwe pia kwa ujumbe mfupi. Kitochi kile cha utingo kingeweza kutuma ujumbe mfupi Ijumaa ile ile. Si Msimamizi wala Karani aliyefikiria jambo hilo, na mimi nilipokuwa nachunguza kisa nililifikiria siku ya pili.

Matokeo

Kadi ndogo zilichapwa, zikawekwa laminesheni, zikabandikwa karibu na usukani na kwenye kila meza ya ofisi. Miezi minane ambayo niliifuatilia, hakuna gari lililozuiliwa mpakani kwa namba kuandikwa vibaya. Sidai kwamba ni kadi peke yake. Miezi hiyo kampuni ilikodi vichwa mara chache kuliko mwaka uliotangulia, na ujumbe mfupi nao ulisaidia.

Msimamizi na Karani wanasemezana. Karani ndiye siku hizi anafundisha kadi kwa wanaoajiriwa upya, kwa mbinu za darasa la kwanza: wote wanaimba.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kuondoa majina ya herufi kabisa. Lugha zetu mbili zimegongana kwenye irabu. E ya Kiingereza inasikika kama I ya Kiswahili, A ya Kiingereza kama E, R kama A. Mtu mmoja katika sentensi moja anaweza kutaja konsonanti kwa Kiingereza na irabu kwa Kiswahili, asijue kama amebadilisha. Huwezi kuponya hilo kwa kumwambia mtu "ongea vizuri", maana wote wawili waliongea vizuri. Neno zima kama Romeo halina jina la pili katika lugha nyingine, kwa hiyo halina pa kupotokea.

Kenda ilifaa kuliko nilivyotarajia kwa sababu haikuhitaji kufundishwa. Lilikuwa neno la watu, lilikuwa limelala tu. Mipaka yake ni ile ile ya lugha: ukivuka Nakonde halina maana, huko madereva wanarudi kwenye "naina".

Jaribio la yadini nalo lilifaa, ingawa lilishindwa, au tuseme kwa sababu lilishindwa. Ningewaletea madereva alfabeti ya kimataifa siku ya kwanza wangeipokea kwa adabu na kuiacha getini. Walipojenga yao wakaiona ikianguka na injini inanguruma, hawakuhitaji kushawishiwa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Tuanze na kurudia, ambako ndiko watu wengi wangeweka imani yao. Kurudia kunakamata kosa la sauti. Ukisikia vibaya, utarudisha sauti tofauti na mwenzako atashtuka. Lakini pale sauti ni moja na maana ni mbili, kurudia kunapiga muhuri kosa na kuwafanya wote wawe na uhakika zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mkali hivyo: kila mmoja alikuwa na ushahidi.

Pili, kibao cha gari hakina kinga yoyote ndani yake. Linganisha na kontena. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, na mwishoni tarakimu moja ya ulinzi: kila herufi hupewa thamani (A ni 10, B ni 12, na 11 na vigawe vyake vinarukwa), thamani zinazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kurudufu, jumla inagawanywa kwa 11 na baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Mfano mashuhuri ni CSQU 305438: jumla yake ni 6,185, ukigawa kwa 11 inabaki 3, na namba kamili ni CSQU 305438 3. Ukiandika E mahali pa A, hesabu inakataa na kompyuta inakuambia hapo hapo. Laiti Karani angekosea herufi kwenye kontena, mfumo ungemwokoa Ijumaa ile ile. Kwenye namba ya gari, DAE na DRA zote ni namba halali na hakuna mashine itakayonyanyua kidole. Mahali pasipo na tarakimu ya ulinzi ndipo mdomo unapotakiwa kuwa mwangalifu kupita kiasi, na wao walifanya kinyume.

Tatu, mfumo wa kampuni ulikuwa umewazoesha kutokukosea. Kwa miaka waliichagua namba kwenye orodha, kwa hiyo ujuzi wa kuipokea kwa sikio ulikauka. Siku gari la kukodi lilipokuja, walikuwa wanafanya kazi waliyoifanya mara ya mwisho enzi za redio.

Nne, na hili ni kosa langu. Mwezi wa tatu baada ya mafunzo, kijana wa zamu ya usiku, aliyeajiriwa juzi na kuoneshwa kadi mara moja, aliandika Y mahali pa U. Alisikia "Yunifomu", na kwa sikio la Kiswahili neno hilo linaanza na y. Ujumbe mfupi ulilinasa kosa kabla halijaenda popote. Nilipoipitia kadi upya nikaona maneno ambayo sauti yake ya kwanza haimwelekezi Mswahili kwenye herufi: Uniform inasikika kama Y, Quebec kama K, X-ray kama E, na Charlie inamfanya mtu aandike CH badala ya C. Waliolipima miaka ile walipima watu wa mataifa mengi, lakini walipima kama neno linasikika. Walichukulia kwamba msikilizaji ameshaijua orodha. Nami nilifundisha kana kwamba kila neno linajieleza. Maneno ishirini na mawili ukiyasikia unabahatisha sawa. Hayo manne ni ya kukariri, hakuna njia ya mkato.

Karani hakungoja nichape kadi mpya. Aligeuza kila kadi ya ofisini, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa ubaoni: Chali C, Kebeki Q, Yunifomu U, Eksirei X. Chini ya Yunifomu akapiga mistari miwili.